Miti ya Asili Ndani ya Tangi la Samaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni ya wanaofuga samaki wa mapambo wa maji baridi, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe, Mbeya, Tukuyu na Kyela. Miti inayotajwa ni ile unayoweza kukutana nayo shambani, kando ya mto au kwa muuza kuni.

Kwani si mti wowote mkavu unafaa?

Hapana. Kabla ya kuuliza mti unaitwaje, uliza mambo matatu: umekufa siku nyingi kiasi gani, umekauka hadi ndani au juu tu, na ulipokuwa hai ulipuliziwa nini. Mpera mzuri uliokatwa juzi utakuharibia maji. Mti mgumu uliokufa ukiwa umesimama na kupigwa jua na mvua misimu mitatu mara nyingi hautakusumbua hata kama hujui jina lake, mradi una uhakika si mmoja wa miti yenye sumu iliyo hapa chini.

Lakini nikichemsha, sumu si inatoka?

Hili ni kosa linaloua samaki wengi. Kuchemsha kunaua viumbe: mayai ya konokono, ruba, wadudu waliojificha kwenye matundu, ukungu na mwani. Pia kunatoa sehemu ya tanini (ile rangi ya kahawia inayotoka kwenye mti) na kusukuma hewa nje ya mti ili uzame mapema. Hakuondoi utomvu wa mpaini, hakuondoi shaba ya dawa za shambani iliyonywewa na magome, na wala hakuondoi dawa ya nguzo. Mti mbaya ukichemshwa unabaki mti mbaya, ila sasa ni wa moto.

Miti gani ya huku kwetu inafaa?

Mpera ndio wa kuanza nao. Mbao yake ni ngumu, matawi yamepindapinda vizuri, gome linabanduka lenyewe, na rangi inayotoka si nyingi. Kyela na Tukuyu mipera mizee ipo kila kona. Mzambarau nao ni mzuri, mgumu na mzito.

Shina la mchai ni hazina ambayo wengi hawaijui. Mashamba ya chai ya Mufindi, Njombe na Rungwe yanapong'oa michai mizee, visiki vyake hutoka vimejikunja kama mikono ya mzee, na mbao yake ni ngumu mno. Uliza kwanza kama visiki viliuliwa kwa dawa ya magugu kabla ya kung'olewa. Kama jibu ni ndiyo, au mwenye shamba anasitasita, waachie wa kuni.

Miti ya miombo ya upande wa Chunya, hasa miyombo yenyewe, ni migumu na hudumu majini miaka. Iliyounguzwa na moto wa porini bado inafaa. Kwangua masizi kwa kisu hadi ufikie mbao safi.

Mwati, ule wa Njombe, unafaa kwa sharti moja: magome yatoke yote, hata yaliyojificha kwenye mikunjo. Gome la mwati ndilo linalotumika viwandani kulainishia ngozi, na tanini ni zaidi ya robo ya uzito wake likiwa kavu. Kipande cha gome kinachotosha kiganjani kitageuza maji ya ndoo kuwa kahawia usiku mmoja.

Mkaratusi una mabishano. Majani na matawi mabichi yana mafuta makali, usiyaweke. Shina lililokufa na kukaa nje mwaka mmoja au zaidi, lisilo na gome wala ile harufu ya dawa ya mafua ukilikwangua, linaweza kutumika baada ya kulowekwa wiki kadhaa. Ukisikia harufu hata kidogo, liache.

Na ipi nisiiguse kabisa?

Utupa. Mzee yeyote wa huku atakuambia kazi yake: unapondwa, unatiwa mtoni, samaki wanaelea. Wakulima wengine wanaupanda shambani kufukuza fuko au kutengeneza dawa ya wadudu. Sumu yake, rotenoni, inazuia seli za samaki kutumia hewa. Usitumie shina, mzizi wala tawi, hata liwe kavu namna gani.

Mnyaa na jamii yake yote yenye utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo pia unaunguza macho ya mtu, kwa hiyo usiukate bila miwani. Miti mingine yenye maziwa, kama mkuyu na mfenesi, haina ukali huo, lakini iache ikiwa mibichi.

Mpaini. Umejaa Sao Hill na ni rahisi kuupata, ndiyo maana unajaribiwa na kila anayeanza. Utomvu wake una asidi ambazo ni sumu kwa samaki, na mbao yenyewe ni laini, inaoza upesi. Fundo la mpaini linalong'aa kama limepakwa asali ndilo baya zaidi: hapo utomvu umejikusanya.

Mparachichi. Majani, gome na mbegu zake vina pesini, kemikali inayodhuru ndege, mbuzi na wanyama wengine. Wakati wa kupogoa Rungwe na Njombe matawi ni mengi na ni ya bure, lakini yaelekeze jikoni.

Kipande chochote cha nguzo ya umeme, nguzo ya uzio au mbao iliyotiwa dawa. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na inaacha rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Jua na mvua vinaifuta rangi hiyo juu, dawa ikabaki ndani, kwa hiyo mbao ya kijivu iliyookotwa kwenye eneo la ujenzi usiiamini. Hiyo hata kuni isiwe, maana moshi na majivu yake ni sumu. Vipande vya kwa seremala navyo viangalie: vanishi, gundi na rangi havitoki kwa kuloweka.

Mninga si sumu ya kutisha, ila maji mekundu yanayotoka humo yatakuchosha. Mpingo unazama papo hapo kwa uzito wake, lakini moyo wake una kemikali zinazoleta mzio hata kwa mafundi wanaouchonga. Mwanzi una vyumba vya hewa vilivyozibwa kila pingili, unaelea kwa ukaidi na kuoza kwa ndani.

Visiki vya kahawa ni vizuri sana kwa umbo. Vipi hivyo?

Hapa twende taratibu. Mbuni ni mgumu, mbao yake imeshikamana, na kisiki cha miaka 30 kina mizizi ambayo hakuna fundi angeweza kuichonga. Tatizo ni mrututu, yaani dawa ya shaba. Mashamba ya Mbozi na Rungwe yamepuliziwa dawa za shaba kwa miaka mingi kupambana na chulebuni na kutu ya majani, na shaba haiozi wala haipotei kama dawa nyingine. Inakaa pale ilipodondokea.

Chukua kisiki ukikague kwenye mwanga wa jua. Angalia pale tawi linapoachana na shina, kwenye kibonde ambamo maji ya dawa yalikuwa yanatuama. Ukiona ukoko wa samawati au kijani, kama ule wa kwenye bomba la shaba lililozeeka, shaba ipo. Usipouona haimaanishi haipo. Bandua gome lote, kisha kwangua milimita 2 au 3 za mbao ya juu, hasa kwenye vibonde hivyo. Loweka wiki 4 ukibadilisha maji kila siku ya tatu. Afadhali zaidi, chukua mizizi badala ya shina: dawa ilipuliziwa juu, ingawa udongo wa chini ya mbuni nao hupokea matone, kwa hiyo bandua na kwangua vilevile.

Hata baada ya hayo yote, kisiki cha kahawa kisiingie kwenye tangi la uduvi au konokono. Kiasi cha shaba ambacho samaki kama gapi anakistahimili kinaweza kumuua uduvi. Na kadiri maji yako yalivyo laini ndivyo shaba inavyokuwa kali.

Naruhusiwa kuokota popote?

Mti uliokufa nao una mwenyewe. Ndani ya hifadhi ya taifa usichukue kitu. Kwenye msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kwenye msitu wa kijiji unaanza na serikali ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haitofautishi kipande cha mapambo na kuni. Shamba la mtu, omba. Mara nyingi muuza kuni atakuuzia kisiki kizuri kwa bei ya kuni, na atashangaa unachokitakia.

Miti iliyokaa majini, kama ile ya bwawa la Mtera au iliyoletwa na mto, si tayari imeandaliwa?

Nusu ya kazi imeshafanyika. Mti uliolala majini miaka umepoteza sukari na tanini nyingi na unazama vizuri. Lakini umebeba wakazi: ruba, konokono na mayai yao, mwani. Huo uchemshwe bila mjadala. Na wewe mwenyewe usiingie kwenye maji yaliyotuama kuufuata, iwe Mtera, mifereji ya mpunga ya Usangu au kingo zenye majani za Ziwa Nyasa, kwa sababu ya kichocho. Subiri maji yapungue, uokote uliobaki nchi kavu.

Mto uliopita katikati ya mashamba ya viazi na nyanya au chini ya gereji, usiokote humo. Mti ni kama sifongo.

Nitajuaje kwamba umekauka hadi ndani?

Vunja kijitawi: kikikatika kwa mlio, vizuri, kikipinda na kuchanika nyuzi, bado. Kata kipande cha mwisho kwa msumeno, kisha gusa sehemu iliyokatwa kwa shavu lako. Ikihisi baridi na unyevu, bado. Sehemu hiyohiyo inuse: mti mkavu hauna harufu, au una harufu ya vumbi tu. Harufu tamu, kali au ya kuchacha maana yake kuna utomvu.

Kipimo kingine ni mizani. Pima leo, pima tena baada ya wiki 2. Uzito ukiwa umesimama, umekauka. Kwa huku kwetu kipande chenye unene wa mkono huhitaji miezi 3 hadi 6 kwenye kivuli chenye upepo, kuanzia Juni hadi Oktoba. Ukianza Desemba, mvua na ukungu vitakukwamisha hadi Mei. Tukuyu ndiko usijaribu kabisa kukausha nje masika.

Halafu angalia ugumu. Bonyeza kucha ya dole gumba kwa nguvu. Ikiingia, mti umeoza na utamomonyoka ndani ya tangi. Mti ulioliwa na mchwa mara nyingi unaonekana mzima nje na ni ganda tupu ndani. Gonga kwa kisu usikie.

Hatua za kuandaa ni zipi, kwa mpangilio?

1. Bandua magome yote. Yaliyogandamana yaloweke usiku mmoja kwanza, yatatoka kwa kisu butu.
2. Kata sehemu laini, zilizooza au zenye udongo wa mchwa. Chokonoa matundu ya bungua kwa waya hadi vumbi liishe.
3. Lainisha ncha kali kwa tupa au msasa. Samaki akishtuka usiku anaruka bila kuangalia.
4. Sugua kwa brashi ngumu na maji matupu. Brashi iwe mpya, isiyowahi kugusa sabuni.
5. Chemsha. Mti ufunikwe wote na maji. Ukielea, ukandamize kwa jiwe safi. Kipande chembamba kama kidole saa 1, unene wa mkono saa 2 hadi 3. Maji yakiwa kahawia nzito, mwaga, weka mapya, chemsha tena. Sufuria hiyo usiirudishe kwenye chakula, na fanyia kazi nje.
6. Loweka kwenye ndoo au nusu pipa wiki 2 hadi 4, ukibadilisha maji kila siku 2 au 3. Funika kwa kipande cha chandarua, la sivyo utafuga mbu.
7. Fanya kipimo cha ndoo kabla ya kuingiza tangini: kipande ndani ya lita 10 za maji mapya kwa siku 7. Juu kusiwe na utando wa mafuta, kusiwe na harufu, na pH (kipimo cha asidi ya maji) isiwe imeshuka zaidi ya 0.5 ukilinganisha na ndoo ya pili isiyo na mti.

Usizidishe kuchemsha. Kuchemsha siku nzima kunalainisha nyuzi za mti, na baadaye unaoza mapema. Usiuweke kwenye oveni wala juu ya makaa kuukausha haraka. Unyevu ulionaswa ndani unaupasua, na mti mkavu unaweza kushika moto.

Mbeya maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hilo halipunguzi nguvu?

Ni kweli, Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, maji huchemka karibu nyuzi 94, Njombe karibu 93, na Kyela kule chini karibu 98. Kwa konokono, ruba, mayai yao na mwani, nyuzi 93 zinatosha kabisa. Anza tu kuhesabu muda pale maji yanapotokota kwelikweli, si yanapoanza kutoa moshi.

Kipande changu hakiingii kwenye sufuria yoyote.

Chemsha upande mmoja, kigeuze, chemsha wa pili. Kama ni kikubwa zaidi, kiweke kwenye nusu pipa, mwagia maji yanayotokota hadi kifunike, kiache kipoe, rudia mara 3 au 4. Pipa liwe la maji au chakula. Lililokuwa na mafuta ya magari au dawa ya shamba halisafishiki. Kisha paka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayopatikana duka la dawa, kwa brashi kwenye matundu na nyufa. Itatoa povu. Subiri dakika 15, suuza. Inavunjika kuwa maji na oksijeni, kwa hiyo haibaki.

Jiki, sabuni, chumvi?

Jiki hapana: mti unainywa na kuirudisha taratibu ndani ya tangi. Sabuni hapana kabisa. Chumvi haidhuru ukisuuza vizuri, ila haifanyi kitu ambacho maji ya moto hayajafanya.

Wiki 3 zimepita na bado kinaelea. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Mbao yenyewe ni nzito kuliko maji. Kinachoielesha ni hewa iliyo ndani ya mishipa yake. Hewa hiyo hutoka polepole, na kipande kinene kinaweza kuchukua miezi 2 au 3. Kama huna subira, kifunge kwenye jiwe bapa: toboa jiwe, pitisha skrubu ya stenlesi kutoka chini, kaza, kisha fukia jiwe chini ya changarawe. Usitumie misumari ya bati au skrubu zinazong'aa za kawaida, kwa sababu zinki inayozipaka ni sumu kwa samaki.

Silikoni haishiki mti uliolowa, usipoteze pesa. Na usikibane kipande kikavu kati ya kioo na kioo ili kisielee. Mti ukinywa maji unavimba, na kati ya mti unaovimba na kioo, kioo ndicho kinachoshindwa. Acha nafasi ya sentimita 2 au zaidi kila upande.

Maji yamekuwa kama chai ya rangi. Nibadilishe yote?

Usibadilishe yote. Hiyo ni tanini, haina madhara kwa samaki wengi. Tetra, diskasi na samaki wengine wa mito ya Amerika Kusini wanaipenda. Kama rangi inakukera, badilisha robo ya maji kila wiki. Itafifia ndani ya miezi michache. Mkaa ulioamilishwa ndani ya filta unaiondoa kwa siku 2 au 3, ukibadilishwa kila wiki 3 au 4.

Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo. Hauna vinyweleo vingi kama ulioamilishwa, na majivu yake yanapandisha pH ghafla.

pH yangu inashuka kila wiki. Ni mti?

Inawezekana, lakini mti unashusha pH pale tu maji yako yanapokosa cha kuipinga. Pima ugumu wa kaboneti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike. Ukiwa chini ya nyuzi 3 (hizi ni za ugumu, si za joto), asidi kidogo ya mti, pamoja na ile inayotokana na uchafu wa samaki, inatosha kuiteremsha. pH ikishuka chini ya 6, bakteria wanaosafisha amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, wanalegea, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Dawa ya polepole ni mfuko mdogo wa vipande vya mawe ya chokaa ndani ya filta. Upande wa Songwe mawe hayo si ya kutafuta. Ya haraka ni baikaboneti ya soda: gramu 6 kwenye lita 50 hupandisha ugumu wa kaboneti kwa karibu nyuzi 4. Gawanya dozi hiyo kwa siku 3, ukiiyeyusha kwanza kwenye kikombe. Lakini si magadi ya kupikia maharage. Yana kaboneti kali, yanarusha pH kwa dakika chache, na pH ikipanda amonia iliyomo inakuwa sumu zaidi.

Nafuga mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Naweza kuweka mti?

Unaweza, kipande kimoja kilichochoka kabisa kutoa rangi, lakini mawe ndiyo makazi yao. Ziwa Nyasa lina pH kati ya 7.7 na 8.6 hivi, na mti unavuta upande wa pili. Ukitaka mti kwa uzuri tu, weka na mawe ya chokaa na upime kila wiki.

Siku ya nne mti umeota kamasi nyeupe. Umeoza?

Haujaoza. Ni bakteria na ukungu wanaokula sukari iliyobaki juu ya mbao. Huanza kama ukungu wa kioo, usiouona isipokuwa taa ikiwa nyuma yake. Kesho yake unakuwa utelezi, halafu vishungi vyeupe vinavyopepea maji yakipita, hasa pale msumeno ulipopita na pale gome lilipotoka mwisho. Unadumu wiki 2 hadi 4 na kwisha wenyewe. Konokono, uduvi na samaki aina ya pleko wanaula kwa furaha. Ukikukera, toa mti, sugua kwa mswaki, urudishe. Utarudi mara moja au mbili, kila mara mwembamba zaidi.

Kinachotakiwa kukushtua ni rangi na harufu. Utando wa kijivu au mweusi, mti unaobonyea na harufu ya yai viza ni dalili kwamba ndani kunaoza bila hewa. Toa, usiurudishe.

Nimeweka mti asubuhi, jioni samaki wanahema juu ya maji. Nifanye nini?

Toa mti kwanza, maswali baadaye. Badilisha nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini yenye joto lilelile. Washa pampu ya hewa kwa nguvu zote, weka mkaa ulioamilishwa, usilishe leo. Pima amonia na pH. pH ikiwa imeshuka sana, ipandishe kidogo kidogo kwa siku mbili tatu, si kwa mkupuo.

Kama mti una sumu, samaki huyumba, huzunguka au hulala ubavu. Kama ni hewa imekwisha, wote hukaa juu wakimeza. Milimani hewa huisha mapema kuliko pwani: maji ya nyuzi 25 yanayoshiba oksijeni hubeba takriban miligramu 8.2 kwa lita Dar es Salaam, lakini Mbeya ni kama 6.7 tu. Mti unaooza unakula hizohizo chache. Ndiyo maana tunasema tangi lenye mti huku juu lisikose pampu ya hewa, hata kama lile la rafiki yako wa pwani linakwenda bila hiyo.

Niweke kiasi gani, na nikipangeje?

Kisizidi theluthi moja ya eneo la chini, na kisiguse kioo. Kila kipande kipitishe maji chini na nyuma yake. Mahali ambapo maji hayafiki ndipo kinyesi kinapojikusanya. Kisilale moja kwa moja juu ya hita.

Na kumbuka hesabu ya dawa. Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 lina lita 112 likijaa hadi ukingoni, lakini ukitoa changarawe, mti na nafasi ya juu, maji halisi yanaweza kuwa 85. Kujua mti unachukua lita ngapi, jaza ndoo hadi pomoni ndani ya beseni, zamisha mti, kisha pima maji yaliyomwagika.

Mimea ipi inashika kwenye mti?

Anubiasi, kangaga wa Java na kuvumwani. Funga kwa uzi wa pamba, si nailoni. Uzi huo unaoza baada ya wiki kadhaa, na kwa muda huo mizizi imeshashika. Tone la supaglu nzito pia linafaa. Shina linalotambaa la anubiasi na kangaga lisifukiwe, litaoza.

Nilitibu samaki kwa dawa ya shaba mti ukiwa ndani. Naweza kuuhamishia kwenye tangi la uduvi?

Usiuhamishe. Mti ulioinywa dawa ubaki kwenye tangi la samaki. Siku nyingine utoe kabla ya kutibu.

Unadumu muda gani?

Mpera, mchai na miyombo iliyokaushwa vizuri inadumu miaka kadhaa. Mti laini haumalizi hata mwaka. Kila ukisafisha tangi, bonyeza mti kwa ncha ya uma sehemu 3 tofauti, hasa ule upande uliozama kwenye changarawe. Uma ukizama bila kusukumwa, utoe, na uangalie chini yake kabla ya kuutupa: pleko mdogo hupenda kujibana kwenye tundu hilohilo.